Safu ya Marekebisho

Programu niliyopewa kuiandika upya haikuwa programu hasa. Lilikuwa faili la Excel lenye karatasi kumi na moja, lililohamishwa kutoka kompyuta moja mbovu hadi nyingine kwa karibu miaka ishirini, na kila aliyeligusa alilirefusha jina: vuli_mpya_sahihi_MWISHO_2. Ofisi iliyonipa kazi hiyo haina haja ya kutajwa. Maelekezo yalikuwa sentensi moja tu: tengeneza kitu kitakachotoa majibu kama ya faili hili, ila kisimtegemee mtu yeyote.

Faili lilikuwa linatabiri mvua za vuli za Bariadi na wilaya za jirani. Nasema "linatabiri" kwa sababu ndivyo ofisi ilivyosema, lakini ndani yake hapakuwa na wingu wala upepo. Palikuwa na namba. Upande mmoja milimita za mvua, Oktoba hadi Desemba, mwaka kwa mwaka, zilizosomwa kwenye vipima mvua vya shule, misheni na mashamba ya mbegu. Upande wa pili joto la uso wa bahari la Agosti na Septemba: Bahari ya Hindi upande wetu, Bahari ya Hindi upande wa Sumatra, na katikati ya Pasifiki. Kati ya pande hizo mbili ulikaa mlinganyo mmoja ukiuliza swali ambalo hata bibi yangu asingeshindwa kulielewa: miaka ile bahari ilipokuwa hivi, huku kwetu ilinyesha kiasi gani?

Si swali la kipuuzi, ingawa kutoka Bariadi hadi pwani ni zaidi ya kilomita mia tano na wengi wetu bahari tumeiona ukubwani. Vuli ya 1961, ile iliyopokea Uhuru, ilinyesha Afrika Mashariki kwa namna iliyowashinda wataalamu kuieleza kwa miongo mingi. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Mwaka ule El Niño haikuwepo, kwa hiyo maelezo ya kawaida hayakufaa. Ni mwaka 1999 ndipo wanasayansi walipoeleza vizuri tabia ya Bahari ya Hindi yenyewe: magharibi yake ikipata joto kuliko mashariki, vuli yetu hunona, ikiwa kinyume, hukonda. Mwaka 1997 hali hiyo ilikuja pamoja na El Niño. Mwaka 2019 ilikuja karibu peke yake na ikatosha: mvua zilipitiliza, na Mei 2020 ziwa likafika kiwango kilichoipita rekodi ya 1964. Mtu wa Lamadi mwenye nyumba kando ya maji hakuhitaji grafu kuambiwa hayo.

Mlinganyo ukishapiga hesabu zake, unatoa namba tatu. Chukua miaka thelathini, ipange kutoka mkavu zaidi hadi wenye mvua nyingi zaidi, igawe katika mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Fungu la chini ni "chini ya wastani", la kati ni "wastani", la juu ni "juu ya wastani". Kama hujui chochote kuhusu msimu unaokuja, kila fungu linapata asilimia 33 na kidogo. Kujua kitu ni kuweza kusogeza namba hizo: 50, 30, 20, kwa mfano. Utabiri wote wa msimu unaotangazwa kwetu, ukivuliwa maneno, ni namba hizo tatu.

Karatasi ya tisa ndiyo iliyonikwamisha. Safu yake ya mwisho ilikuwa na kichwa cha neno moja, marekebisho, na fomula yake ilisema hivi: fungu la pembeni, la chini au la juu, likizidi 45, likatwe libaki 45, na kilichokatwa kipelekwe katikati. Hakuna maelezo, hakuna tarehe. Hesabu ikitoa 60 kwa ukavu, 25 kwa wastani na 15 kwa mvua nyingi, kinachochapishwa ni 45, 40, 15. Yaani mashine ilikuwa inapiga kelele, na mtu fulani alikuwa ameiziba mdomo kwa kiganja, mwaka baada ya mwaka, pasipo wanaosoma kujua.

Mara ya kwanza nilidhani ni kosa. Mara ya pili nikadhani ni woga. Na woga huo haukuwa wa faili langu peke yake. Tangu 1998 wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya kila msimu na kukubaliana ramani moja ya utabiri. Waliorudi nyuma kupima ramani za miaka ile wamekuta tabia ileile: fungu la kati limenenepeshwa kuliko linavyostahili. Ukisema "wastani", hakuna atakayekuja kukudai. Mwaka 2019 kituo cha IGAD cha utabiri wa tabianchi, kilichoko nje kidogo ya Nairobi, kikaanza kuachana na ramani za makubaliano na kutumia utaratibu wa hesabu unaoweza kurudiwa na yeyote, hatua kwa hatua, akapata jibu lilelile. Kwa mtu aliyesoma nilichosoma mimi, hayo ni maendeleo yasiyohitaji mjadala. Nilikuwa tayari kuifuta safu ile.

Lakini aliyeiandika yuko hai, amestaafu, anafuga Itilima. Nikaona ni adabu kumwona kwanza.

"Mwangaluka, guku," nilimsalimia, nikijua Kisukuma changu cha mjini kitamchekesha. Akacheka, akaitikia, akaniambia nikae. "Wewe ndiye uliyetumwa kuja kuliua faili langu."

Nikamwuliza kuhusu safu ya tisa. Hakujifanya amesahau. Alisema kuna mwaka, zamani, hesabu ilimpa 60 kwa ukavu na yeye akaisema hivyo hivyo, 60, kwenye mkutano wa kijiji, akiwa na ramani yake ya rangi ya kahawia. Mtu mmoja pale alikuwa na jozi moja ya ng'ombe wa plau. Akapiga hesabu zake: kama mvua haiji, ng'ombe watakonda na bei itaanguka, heri kuwauza sasa, kununua mahindi na kusubiri. Akauza. Mvua ikaja, tena ikaja vizuri. Majirani walilima, wakapanda pamba kwa wakati, na kufikia Juni walikuwa wanapanga marobota mlangoni. Yeye alikuwa amelima kipande kwa jembe la mkono.

"Alinifuata nyumbani," mzee alisema. "Hakunitukana. Alikaa kwenye kigoda kama ulivyokaa, akaniuliza: zile 40 ulizificha wapi?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa. Nilisema hukukosea, guku. Ukisema 60 umesema pia kwamba katika miaka kumi ya namna hii, minne mvua itakuja. Huu ulikuwa mmoja wa ile minne. Utabiri wa asilimia hauwezi kuhukumiwa kwa mwaka mmoja, unahukumiwa kwa miaka mingi ikiwekwa pamoja.

"Sawa," alisema. "Huyo bwana ana vuli ngapi?"

Nimelibeba swali hilo kwa muda mrefu. Mkulima anayeanza kushika shamba lake akiwa na miaka ishirini na kuliachia akiwa na sitini ana vuli arobaini. Kati ya hizo, zile ambazo bahari inasema kitu kwa sauti labda ni kumi, kumi na tano. Na kila moja anaiingia akiwa na jozi ileile ya ng'ombe. Mtabiri ana haki ya kuiweka miaka yote mezani na kusema kwa jumla niko sawa. Mkulima hana meza hiyo. Msimu mmoja unaweza kumtoa kabisa mchezoni, na aliyetolewa hayupo tena kufaidi wastani wa muda mrefu. Hapa ndipo ninapoona kwamba asilimia, hata ikiwa ya kweli, haisemi kitu kilekile kwa anayeitoa na kwa anayeipokea.

Kwa hiyo nilimwelewa mzee. Alikuwa ameamua kwamba namba zake hazitamuumiza mtu tena, na kwa 45, 40, 15 hakuna mtu anayeuza ng'ombe. Kwa kweli hakuna anayefanya chochote. Nikamwuliza swali lililokuwa linanikera tangu nilipofungua karatasi ile: na miaka ambayo mvua zilikata kweli, na faili lilikuwa limesema 60, na wewe ukachapisha 45?

Alinyamaza, akawatazama ndama. "Miaka hiyo," alisema, "hakuna aliyekuja kuniuliza."

Nadhani jibu hilo lina uzito kuliko hadithi ya ng'ombe, na sidhani alikusudia liwe na uzito. Madhara ya kusema yana uso. Yanakuja nyumbani, yanakaa kwenye kigoda. Madhara ya kunyamazisha hayana uso, kwa sababu aliyeumia hajui kwamba kulikuwa na namba nyingine. Mwenye kununua mbegu za pamba na dawa kwa mkopo katika mwaka uliokauka haji kukuuliza zile 15 ulizihamishia wapi. Analaumu mvua, au anamlaumu Mungu, au jirani mwenye jicho baya. Mzee alikuwa amechagua, kwa moyo mwema kabisa, kuumiza watu wasioweza kumjua.

Zamani kwetu isingewezekana kujificha hivyo. Katika utawala wa Wasukuma, mvua ilikuwa kazi ya mtemi. Alikuwa na waganga wake wa mvua na dawa zake, lakini jina lililosimama mbele lilikuwa lake, na mtemi aliyeshindwa kuiletea nchi mvua aliweza kuondolewa. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Sisemi turudi huko. Kumtoza mtu ukame ni dhuluma, na mtabiri wa leo haleti mvua, anaitazamia tu. Ila utaratibu ule ulikuwa na kitu ambacho faili la Excel halina: mtu anayejulikana, anayeweza kuulizwa. Na ofisi iliyonipa kazi ilikuwa imeniagiza niondoe hata kile kidogo kilichobaki, yaani mzee mmoja na safu yake.

Sasa nikiri kitu kinachoiharibu hoja yangu. Nilipolipima faili, nikiuondoa mwaka mmoja mmoja na kulitaka litabiri mwaka lisiouona, niligundua kwamba lilipojiamini sana lilitimia mara chache kuliko lilivyodai. Lilikuwa limekariri. Miaka michache yenye nguvu, 1997 ikiwa ya kwanza, ilikuwa imeuvuta mlinganyo kama ng'ombe mmoja mwenye kiherehere anavyoivuta plau upande wake. Kila likisema 60, ukweli ulikuwa nusu na kidogo. Maana yake kiganja cha mzee kilikuwa kinasukuma upande sahihi. Kisayansi kabisa, namba zile zilihitaji kupunguzwa. Yeye alizipunguza kwa sababu nyingine, na alizipunguza mno, lakini kama ningeifuta safu kwa kiburi changu cha kwanza ningewapa watu wa Bariadi mashine yenye uhakika wa uongo.

Tatizo hili si la vuli peke yake. Wanaotabiri barafu ya bahari ya Aktiki wamelipitia, na wao wana satelaiti na fedha tusizozitaja. Tangu 2008 makundi mbalimbali duniani hutuma kila mwaka makisio yao ya barafu itakayobaki Septemba, mengine kwa mifano ya kompyuta inayoiga bahari na hewa, mengine kwa takwimu za miaka iliyopita kama faili letu. Septemba 2012 barafu ilipungua hadi kama kilomita za mraba milioni 3.4, chini ya rekodi zote za satelaiti na chini ya walivyotazamia. Hesabu iliyojifunza kwa miaka iliyopita haiwezi kuona ambacho miaka iliyopita haikuwa nacho. Huko barafu inakwenda upande mmoja, kwa hiyo angalau unajua ukosee wapi. Kwetu mambo yamefungamana zaidi: masika ya Afrika Mashariki ilipungua kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya themanini, wakati mifano mingi ya tabianchi ikisema mvua zitaongezeka. Anayeandika programu mpya anatakiwa aamue aanze na mwaka gani. Ukianza 1961 unaingiza bahari ya enzi nyingine. Ukianza 1991 unabaki na miaka michache mno. Uamuzi huo unaonekana kama mstari mmoja wa msimbo, mwaka_wa_kwanza = kitu fulani, lakini ndani yake umeshaamua nani ataambiwa auze ng'ombe.

Kuna wanaosema dawa ni kuacha asilimia kabisa: mwambie mkulima itanyesha au haitanyesha. Tuliona yanapoishia. Oktoba 2023 Rais wa Kenya, William Ruto, aliwaambia wananchi kwamba El Niño iliyokuwa imetabiriwa haitakuwepo. Wiki chache baadaye mafuriko yaliua zaidi ya watu mia moja nchini humo. Wataalamu hawakuwa wamesema "haitakuwepo". Namba iliyoshuka kidogo ilikuwa imetafsiriwa njiani ikawa hapana.

Na mkulima wa Simiyu hahitaji kufichwa shaka, kwa sababu ameishi nayo. Nyumba ya kwetu haikukosa michembe na matobolwa darini, viazi vilivyokaushwa kwa ajili ya mwaka ambao mahindi yatagoma. Mtama ulipandwa pembeni hata mwaka uliotarajiwa kuwa mzuri. Mahindi ya muda mfupi huku, pamba kule, mbuzi wa kuuza kabla ya kumgusa ng'ombe. Yote hayo ni kugawanya hatari, na hugawanywa na mwenye shamba, kwa kuwa ndiye anayejua ghala lake lina nini na watoto wangapi wanasoma. Mzee alipoihamishia 15 katikati aliwagawia hatari wao wote kwa kipimo kimoja, bila kujua maghala yao. Ndiyo maana naona alikosea, hata pale alipokuwa na huruma kuliko mimi. Namba kali kiasi inavyostahili, pamoja na shaka yake yote, ni mali ya mkulima. Kuilainisha ni kumfanyia uamuzi wake na kumnyima hata taarifa kwamba umefanyika.

Hoja hiyo inapungua nguvu kwa mtu mwenye jozi moja ya ng'ombe na ekari zinazotosha mkopo tu. Yeye hana cha kugawanya. Kwake 60 na 52 ni kitu kimoja, ni kauli ya mtu wa ofisini iliyosikika mkutanoni. Sijapata jibu lake, na msimbo wangu haukumpatia.

Nilichofanya ni hiki. Hesabu ya kupunguza uhakika niliiweka ndani ya mlinganyo, kwa kipimo kinachotokana na makosa ya miaka iliyopita, na inajieleza yenyewe. Safu ya marekebisho niliibakiza pia, lakini kwa masharti: yeyote akitaka kubadilisha namba anaweza, ila lazima aandike jina lake na sababu, na namba zote mbili zichapishwe, ya mashine na ya kwake. Kama hakuna jina, ukurasa hautoki.

Ofisi ilipokea programu, ikashukuru, ikaomba sehemu ya jina iondolewe. Walinikumbusha kwa upole kwamba waliomba kitu kisichomtegemea mtu. Tulibishana kwa barua pepe wiki mbili. Mwishowe iliachwa, lakini si lazima kuijaza, na kila ninapotazama nakuta iko tupu.

Oktoba iliyofuata mjomba alinipigia kutoka Bariadi. Alikuwa amesikia kwamba siku hizi mvua naitengeneza mimi. Nikamwambia mashine inasema nusu na kidogo kwa ukavu.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mjomba. Ila sijui kwa kiasi hicho."

Akaguna. "Na wewe ungepanda?"

Nikamwambia katika ekari zake nne ningepanda pamba mbili, na kule bondeni ningeweka mtama. Kimya. Nilisikia redio yake kwa nyuma, na mtu akipita na baiskeli yenye mlio. Kisha akauliza kama hizo mbili za pamba nitakuja kuzipalilia.